Dodoma hadi Mumbai: angani kilomita 5,070, chini kusubiri

Kwa mstari ulionyooka, Dodoma hadi Mumbai ni kama kilomita 4,940. Njia yangu ilipitia Dar es Salaam: 390 hadi pwani, kisha 4,680 hadi India, jumla 5,070. Mzunguko huo umeongeza 130 tu, kama kwenda Gairo. Anayelalamikia urefu wa safari hii asiilaumu ramani. Muda unaliwa viwanjani.

Kipande cha kwanza nilipanda Q400, ile Bombadia ya mapangaboi, abiria 76. Ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 650 kwa saa, kwa hiyo 390 zingekwisha kwa dakika 36. Tiketi lakini huandika saa moja na ushee, maana huanza kuhesabu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na kusubiri zamu, kupanda na kushuka. Ukiweza, kata ya asubuhi. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na jua la mchana likishapasha hewa, hewa huwa nyepesi na bawa halibebi vizuri. Ndege hutaka kukimbia zaidi chini kabla ya kuruka, na wakati mwingine hulazimika kupunguza mzigo. Mitikisiko nayo ni ya mchana. Kaa dirisha la kulia. Mawingu yakiruhusu utaona milima ya Uluguru.

Dar, safari za nje ziko Jengo la Tatu. Kama tiketi mbili zimekatwa mbalimbali, begi linaishia hapo: unalichukua, unalikabidhi upya, na kilo zinazokubana ni zile chache kati ya tiketi hizo mbili. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haina deni nawe. Acha nafasi ya saa nne, mbili ni kujitafutia presha.

Toka Dar ni Dreamliner, kama kilomita 900 kwa saa. Ukiongeza kupanda na kushuka, mwendo unakaribia saa sita. Ikweta huvukwa juu ya maji, mashariki ya pwani ya Somalia. Majahazi yalikwenda India kwa kusi, lakini kwenye futi 37,000, yaani mita 11,300 hivi, mambo hugeuka: kati ya Juni na Septemba upepo wa huko juu hutoka mashariki, ukaipiga ndege usoni. Nafuu yake unaipata wakati wa kurudi.

India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo watu husahau. Ukiondoka Dar saa nne asubuhi, unatua saa kumi jioni ya kwetu, kwao saa kumi na mbili na nusu. Kurudi, tiketi itaonekana kama safari ni ya saa tatu na nusu. Sivyo, ni zilezile sita.

Kibaya zaidi ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa Ijumaa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi saa tatu usiku uwe umeshafika uwanjani. Ukienda Ijumaa usiku, ndege yako ilishatua Mumbai tangu asubuhi.