Kodi, Mfadhili na Mlango wa Kutokea

Kwa muda niliosimamia ofisi ya shirika letu dogo la msaada wa kisheria hapa Mombasa, nimeamini kwamba anayejadiliana na mwenye jengo kuhusu kodi peke yake bado hajajadili lolote. Kodi za Ganjoni na Kizingo zinajulikana, na kupunguziwa elfu chache kwa mwezi ni jambo la kushukuru, lakini si hilo litakalotuokoa siku mfadhili atakapojitoa. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika yaliyoitegemea yalibaki bila bajeti, ilhali kodi za ofisi ziliendelea kuhesabiwa kama kawaida.

Rasimu iliyo mezani kwangu ni ya miaka 5 na miezi 3, na miezi hiyo ya ziada haikuwekwa kwa bahati. Sheria ya Kenya ya wenye majengo na wapangaji ya mwaka 1965, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa ambaye mkataba wake haukuandikwa, au hauzidi miaka 5, au unaruhusu kusitishwa ndani ya muda huo kwa sababu isiyokuwa uvunjaji wa masharti. Mpangaji wa namna hiyo hapandishiwi kodi wala hatolewi ila kwa notisi rasmi ya miezi 2 au zaidi, naye ana haki ya kuipinga mbele ya baraza la majengo ya biashara. Wenye majengo wameizoea njia ya kuukwepa ulinzi huo: kuuvusha mkataba miaka 5. Kwetu sisi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu duka katika sheria hiyo ni mahali pa biashara au pa huduma za kulipiwa, na wanaokuja kwetu na kesi zao za ardhi na mirathi hawatulipi hata senti. Ndiyo maana sikutaka kuliegemea baraza. Nilitaka kinga yetu iandikwe ndani ya mkataba wenyewe.

Ruzuku yetu ni ya miaka 2. Niliomba kipengele kimoja: ufadhili ukikatika, tutoe notisi ya miezi 3, tuondoke bila kudaiwa kodi ya miaka iliyosalia.

"Mwanangu," akaniambia mzee mwenye jengo, "nikikufungulia mlango wa kutokea, nikabaki na vyumba vitupu, mimi nitamdai nani?"

Nilimwona ana haki. Nikamjibu, "Mzee wangu, tukiondoka kabla ya mwaka wa pili kwisha, dipoziti yetu yote itabaki kwako." Alinyamaza, kisha akaniambia nizungumze na wakili wake. Kodi sikuigusa kabisa, ingawa mweka hazina wetu hakupendezwa.

Gharama nyingine nimeziingiza katika bajeti bila kubishana sana: ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka, usajili, na ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16, ambao sisi, kwa kuwa hatuuzi chochote, hatuna pa kuurejeshea. Nilichokazania ni ada ya huduma, maana maji ya bomba huja kwa zamu, ya kisima yana chumvi, na kila boza la maji likiingia gharama yake hugawanywa kwa wapangaji wote. Tumekubaliana kuwe na kikomo cha mwaka na risiti zionyeshwe.

Nilipanda pia nyuma ya jengo kukagua viyoyozi. Vyuma vinavyovishikilia vimeliwa na chumvi ya bahari hadi vinabanduka kwa ukucha, na rasimu inatutaka turudishe kila kitu kikiwa kizima. Nimepiga picha, nami nimeomba ziambatanishwe na mkataba zikiwa na saini za pande zote mbili.

Jioni hii wakili wa mzee amerudisha rasimu. Picha zimekubaliwa, na kipengele cha kuondoka kimebaki, isipokuwa notisi sasa ni ya miezi 6. Nitaipeleka kwa bodi Jumatatu, na ushauri wangu ni kwamba tutie saini.