Kuhamia kompyuta mpya: nilivyohamisha mafaili yote ya nyumbani

Kompyuta niliyoihama ilikuwa ya mezani, Windows 10, diski ngumu ya GB 500 ya inchi 3.5, zile zinazozunguka. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo kuipandisha hakukuwa na njia rasmi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayotumika kwa mambo ya benki na malipo si ya kuiacha bila masasisho ya usalama. Mpya ni laptopu yenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 512. Ukiiwasha utaona imeandikwa GB 476 hivi. Hujapunjwa: mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa 1024.

Watu wengi hukimbilia mashine mpya, ilhali kazi yenyewe iko kwenye ile ya zamani. Mpya ukiiharibu unaianza upya. Picha za watoto zilizoko kwenye diski ya zamani hazina pa kuanzia upya.

Kwa hiyo nilianza na afya ya diski. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiwekea. Nenda kwenye mistari ya 05, C5 na C6. Mstari wa 05 unaonyesha sehemu zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba, C5 ni sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini, C6 ni zile zilizoshindikana. Zote zikiwa sifuri, endelea kwa raha. C5 ikiwa na namba yoyote, acha kila kitu na utoe kwanza mafaili yasiyo na nakala kokote. Usiendeshe chkdsk /r (amri ya kukagua diski) wala defrag (ya kupanga upya mafaili) kwenye diski ya namna hiyo. Zote mbili huilazimisha kufanya kazi nzito kwa muda mrefu, na mara nyingi hapo ndipo inapokata roho kabla hujachukua chochote.

Baada ya hapo ni kujua nini kiko wapi. Desktop, Documents, Downloads, Pictures na Videos kila mtu anazikumbuka. Zinazosahaulika ni folda ambazo watu wamejitengenezea moja kwa moja kwenye C:\, diski D kama ipo, folda ya Public, na AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka mipangilio na data zake. Ndani ya AppData sichukui kila kitu. Ni takataka nyingi za muda na maelfu ya mafaili madogo ya vivinjari. Nachukua vitu maalumu tu.

Barua za Outlook ni mojawapo. Faili lenye mwisho wa .pst ndilo lenye barua zilizoshushwa kwenye kompyuta, na lazima liende. La .ost liache, Outlook hulijenga upya kutoka kwenye seva. Funga Outlook kabla ya kunakili, la sivyo utapata kosa namba 32, maana yake faili linatumiwa na programu nyingine.

Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome hazihami kwa kunakili folda. Zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na akaunti ya Windows ya mashine ile ile, hivyo kwenye mashine mpya folda itafika lakini nywila hazitafunguka. Ama washa usawazishaji wa akaunti ya Google ungali kwenye mashine ya zamani, ama zitoe kwa Export kwenye sehemu ya nywila. Export inakupa faili la CSV ambalo nywila zote zimo waziwazi, yeyote akilifungua anazisoma. Liingize kwenye mashine mpya kisha lifute kwa Shift+Delete pande zote mbili, siku hiyo hiyo.

Programu ya hesabu za duka, kama unayo, ifanyie nakala kutoka ndani ya programu yenyewe. Kunakili folda yake wakati hifadhidata iko wazi hukupa faili ambalo huenda lisifunguke. Na programu zenyewe, Office na nyinginezo, hazihami kwa kubeba folda ya Program Files. Zinasakinishwa upya, kwa hiyo andika orodha yake na utafute namba za leseni kabla ya kuzima.

Kuna mtego mmoja wa OneDrive unaostahili kusemwa kwa mkazo. Ikiwa imewashwa, Desktop na Documents zako huenda ziko ndani ya C:\Users\jina\OneDrive, na kila faili lenye alama ndogo ya wingu pembeni halipo kwenye diski. Unachoona ni jina tu. Ukichomoa diski na kuisomea kwingine, hutalipata. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua “Always keep on this device”, subiri alama zote zigeuke kuwa tiki ya kijani, ndipo uendelee.

Njia za kuhamisha ni nyingi. Flashi inafaa kwa nyaraka chache, lakini ikiwa imeumbizwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) haikubali faili moja lenye kufika GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 60. Utaambiwa faili ni kubwa mno, na video ya harusi haitaingia. Iumbize upya kwa exFAT ikiwa tupu. Kebo ya mtandao ya Cat5e kati ya mashine mbili ni nzuri sana, karibu MB 110 kwa sekunde pande zote zikiwa na gigabiti, ila laptopu nyembamba za siku hizi nyingi hazina tundu lake. Mimi nilichagua kuitoa diski na kuisoma kwa adapta inayounganisha tundu la diski (SATA) na USB 3.0.

Kabla ya kuitoa, zima mashine ukiwa umeshikilia Shift wakati wa kubonyeza Shut down. Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 huacha sehemu ya mfumo imelala ili iwake haraka, na diski iliyoachwa hivyo haijafungwa sawasawa. Ukitumia BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, kwa sababu kwenye mashine nyingine diski haitafunguka bila huo. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, toa skrubu nne, chomoa kebo mbili: pana ni ya umeme, nyembamba ni ya data. Zishike kwenye kichwa cha plastiki, usivute waya.

Adapta yenyewe iangalie vizuri unaponunua. Diski ya inchi 2.5 ya laptopu inatosheka na volti 5 za USB. Ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 pia, kwa hiyo adapta lazima ije na chaja yake ya ukutani. Zile za bei ya chini zisizo na chaja, diski haitazunguka kabisa, na wengi hudhani diski imekufa. Hiyo chaja niliichomeka kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Laptopu ina betri, lakini umeme ukikatika diski inazimika katikati ya kazi.

Tundu nalo lina maana. Kwa USB 2.0 utapata MB 30 hadi 40 kwa sekunde, na GB 200 zitachukua kama saa moja na nusu hadi karibu mbili. Kwa USB 3.0 diski yenyewe ndiyo inayoweka kikomo, kama MB 100 kwa sekunde kwa mafaili makubwa, na GB hizo hizo ni nusu saa na kidogo. Picha ndogondogo na nyaraka hushusha kasi sana, kwa sababu kichwa cha diski kinarukaruka kutoka faili hadi faili. Usishtuke ukiiona inatambaa.

Kunakili kwa kuburuta na kipanya sikushauri kwa kazi kubwa. Faili moja likigoma, kila kitu kinasimama kukusubiri ujibu swali. Windows ina robocopy ndani yake, amri ya kunakili mafaili mengi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, na kama diski ya zamani imejitokeza kama E, andika:

robocopy "E:\Users\Nyumbani" "C:\Zamani\Nyumbani" /E /B /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /DCOPY:DAT /TEE /LOG:C:\hamisha.txt

“Nyumbani” ni jina la akaunti. Weka la kwako. /E inachukua folda ndogo zote, hata tupu. /B inasoma folda zilizofungwa na ruhusa za akaunti ya zamani bila kuzibadilisha. Ukipita kwenye dirisha la kawaida utaambiwa huna ruhusa, na ukibonyeza Continue Windows huanza kuandika ruhusa mpya kwenye diski ya zamani, jambo ambalo silitaki. /XJ inaruka milango ya mkato ambayo Windows imeificha ndani ya folda ya mtumiaji. Bila hiyo robocopy huweza kuingia isikotakiwa na kuzunguka humo. /XD AppData inairuka folda hiyo, kwa hiyo vile vitu vyake maalumu nakili kando. /R na /W usizisahau kamwe. Bila hizo robocopy hurudia faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Alama ya \ isiwe ya mwisho kabla ya kufunga nukuu, amri itasomeka vibaya. Na /MIR usiiguse hapa, kwa sababu inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukinakili diski D nzima, ongeza /A-:SH, maana folda mpya hurithi sifa ya kufichwa na utadhani hakuna kilichokuja.

Mwisho wa kazi kuna jedwali. Tazama safu ya FAILED. Ikiwa ni 0, vizuri. Kama sivyo, fungua hamisha.txt, kumbukumbu iliyoandikwa na amri, na utafute neno ERROR. Namba 5 ni ruhusa, 112 ni nafasi imejaa, 23 ni diski imeshindwa kusoma sehemu hiyo, na hapo rudi kwenye ule mstari wa C5. Amri ikikatizwa na umeme, iandike tena vile vile. Itaruka mafaili ambayo ukubwa na tarehe vinalingana.

Kwenye laptopu, kabla ya kuanza yote haya, nilizima usingizi wa mashine ikiwa kwenye chaja na nikamaliza masasisho. Windows mpya hushusha GB kadhaa bila kuuliza, kwa hiyo anayetumia bando awashe “Metered connection” kwenye mipangilio ya Wi-Fi mara tu anapounganisha. Kuwasha upya kukiwa kunasubiri, usianze kunakili, maana inaweza kujizima na kuwaka usiku.

Folda ya Zamani niliipitishia Microsoft Defender kabla ya kufungua chochote. Kompyuta za nyumbani zinazopokea flashi kutoka steshenari huwa na kile kirusi kinachogeuza folda kuwa njia za mkato. Folda halisi zipo, zimefichwa tu. Kwanza futa mafaili ya .lnk (hizo njia za mkato) na .vbs (kirusi chenyewe), halafu zifichue kwa amri hii:

attrib -h -r -s /s /d "C:\Zamani\*.*"

Ndipo nikahamishia vitu Documents na Pictures. Kwa kuwa ni ndani ya diski ile ile, GB 100 zinahama mara moja. Kinachobadilika ni anwani tu. Kisha nikafungua mafaili yenyewe: video kubwa kuliko zote, picha za zamani kabisa, Excel yenye nywila, na .pst ndani ya Outlook. Idadi kulingana haitoshi.

Diski ya zamani iweke kando mwezi mzima angalau, bila kuandikwa chochote. Siku ya kuiuza au kuigawa, iumbize ukiwa umeondoa tiki ya Quick Format. Hapo Windows inaandika sifuri diski nzima, kwa GB 500 ni kama saa moja na nusu. Quick Format hufuta orodha tu, na programu za kurejesha mafaili huweza kuyarudisha mengi. Kwa SSD tumia programu ya kufutia inayotolewa na mtengenezaji wake.