Theluji mgongoni mwa farasi

Asubuhi ya kwanza ya theluji niliwakuta farasi wanane wamesimama uwanjani, kila mmoja kabeba tabaka jeupe mgongoni. Nikachukua brashi nikaanza kuwafuta mmoja mmoja, huruma imenijaa na hasira juu yake. Nani kawaacha viumbe hawa nje usiku kucha? Mimi nilikuwa nimevaa suruali mbili na soksi tatu, na bado meno yanagongana. Mama anayesimamia zizi akaja, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nawaokoa. Alicheka mpaka akashika uzio.

"Iache hiyo theluji," akasema. "Ukiona inayeyuka ndipo uniite."

Maana yake ilinichukua muda kuielewa. Theluji ikikaa mgongoni bila kuyeyuka, ujue joto la mnyama halitoki nje. Manyoya ya baridi huanza kuota pale mchana unapofupika, wiki nyingi kabla baridi yenyewe haijabisha hodi, kwa hiyo theluji inamkuta farasi keshavaa. Manyoya husimama, yananasa hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo koti. Mimi na brashi yangu nilikuwa nalivuruga. Farasi mwenye afya, mkavu na aliyeshiba anaweza kuhimili hata nyuzi 15 chini ya sifuri bila taabu kubwa. Huyohuyo akilowa chepechepe, manyoya yanalala, na anaweza kuanza kuteseka hata kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri. Basi siku hizi nikiona theluji kavu natulia. Ninayoiogopa ni mvua ya baridi yenye upepo.

Blanketi tunawavisha wazee, wagonjwa, waliokonda, na wale walionyolewa manyoya. Na ukishamvisha umejipa kazi: kila siku lazima ulivue, upitishe mkono mwili mzima, maana chini yake unaweza kukuta jasho, kidonda, au mnyama anayezidi kukonda bila mtu kujua.

Kukonda kwenyewe ndiko kulikonifundisha kutoyaamini macho yangu. Katikati ya baridi aliletwa farasi jike wa rangi ya kahawia, alikotoka waliacha kumlisha. Kwa mbali alionekana mnene, manyoya marefu kama zulia. Mama akaushika mkono wangu akauweka ubavuni. Nilizigusa mbavu moja baada ya nyingine kama ngazi. Kuna kipimo cha 1 hadi 9 cha hali ya mwili wa farasi, alichokitunga Don Henneke huko Marekani mwaka 1983: moja ni mifupa mitupu, tisa ni unene uliopindukia. Kinahitaji vidole vyako tu, shingoni, mbavuni, mgongoni, kwenye shina la mkia. Huyu tulimpa 2.

Nikakimbilia ndoo ya nafaka. Ungekuwa wewe usingefanya hivyo? Nikapokonywa ndoo.

Farasi aliyekaa na njaa muda mrefu anaweza kufa kwa kushiba. Nafaka ina wanga mwingi. Ukiingia mwilini ghafla, homoni ya insulini hupanda, na seli hufyonza madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu ambayo tayari haina akiba. Moyo unashindwa, na mnyama anaanguka siku chache baada ya kuanza kulishwa, wakati nyote mmeshaanza kushangilia. Kwa hiyo, chini ya daktari wa mifugo, tulimpa majani makavu ya alfalfa, takriban nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Zamu yangu ilikuwa saa 8 usiku. Anamaliza, analamba hori, halafu ananitazama. Sijawahi kujiona mchoyo namna ile maishani, na nyuma yangu marobota ya majani yamefika darini.

Wengine, wenye afya, ndio tunaowaongezea majani baridi inapozidi. Jiko la farasi liko tumboni: vijidudu vya utumbo mpana vikichachusha majani, joto linatoka hapohapo.

Maji ni hadithi nyingine. Farasi mkubwa huhitaji lita 20 hadi 40 kwa siku, na baridi inapokuja hamu ya kunywa hupungua wakati anakula majani makavu tupu. Chakula kinakwama, tumbo linasokota, na farasi hana uwezo wa kutapika. Theluji aliyoilamba haitoshi kitu. Kila alfajiri tunavunja barafu, tunabeba ndoo za maji ya vuguvugu, maana hayo huyanywa vizuri zaidi, kisha tunahesabu kinyesi. Ndiyo, tunahesabu. Ndugu wakinipigia simu kuuliza kazi ya ughaibuni inaendaje, nawaambia inaendelea vizuri, sisemi kwamba furaha yangu ya siku ni mavi laini.

Halafu kuna kwato: theluji hushikamana humo na kuganda mabonge, farasi anatembea kama kavaa viatu vya mchuchumio. Unachokoa, unapaka mafuta ya mgando kwenye nyayo, kesho unarudia.

Yule jike aliongezewa chakula pole pole kuanzia siku ya nne. Kitu kimoja kilinisumbua: hakulala chini. Farasi husinzia kwa kusimama, lakini usingizi mzito hauji mpaka alale, na halali mahali asipopaamini, au akiogopa kwamba hatakuwa na nguvu za kuinuka. Usiku baada ya usiku nilimkuta wima pembeni mwa banda, kichwa kimeinama, magoti yanamlegea kisha anashtuka.

Wiki ya tatu nilifika saa 11 alfajiri na ndoo zangu. Alikuwa amesimama kama kawaida. Nikapitisha mkono ubavu wa kushoto kutafuta mbavu, nikakuta maranda ya sakafuni yamenasa kwenye manyoya, kuanzia begani hadi pajani, na mengine kwenye singa. Brashi ilikuwa mfukoni. Sikumfuta. Nilikwenda kumwita mama aje aone.