Oktoba haimo kwenye mkataba

Jumatatu, Novemba 3, 2025. Los Angeles.

Zamu ya usiku iliisha saa moja asubuhi, nyumbani nimefika saa tano. Mabasi yamezungushwa kwa sababu katikati ya mji pamefungwa, Dodgers, timu yetu ya besiboli, wanatembeza kombe. Kila mtu bluu, kuanzia mtoto wa mgongoni hadi mbwa. Nimeingia ndani, nimevua viatu, nikaitazama sherehe kitandani kwenye simu, macho yanawasha kwa usingizi. Alipoonekana yule jamaa mrefu mwenye ndevu nikajikuta natabasamu peke yangu.

Clayton Kershaw, mrushaji wao wa mpira, amestaafu. Miaka 18, timu moja tu.

Najua wengi mnaonisoma ni watu wa mpira wa miguu, kwa hiyo vumilieni kidogo. Besiboli ni mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, halafu Oktoba timu bora zinaingia mtoano. Mrushaji mkuu hachezi kila siku. Anasimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, anarusha kama mipira mia, kisha anapumzishwa siku nne au tano mkono urudi. Siku yake ikifika, mchezo uko kiganjani mwake. Mwaka 2014 Kershaw alishinda michezo 21 akapoteza 3. Tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake ameichukua mara tatu: 2011, 2013 na 2014.

Halafu inakuja Oktoba. Kwetu Tanga tungesema kwa neno moja la kijiweni: mechi kubwa hana.

Mimi nilimjua kupitia Babu. Si babu yangu. Ni mzee wa Kimeksiko wa mtaa wa Boyle Heights, dereva wa basi mstaafu, niliyeanza kumhudumia jioni mwanzoni mwa 2014, nilipokuwa mgeni mjini hapa nabeba boksi kama wenzangu. Yeye aliniita mija, binti yangu, mimi nikamwita Babu, na hakuna aliyeomba tafsiri. Alikuwa na redio ya betri, penseli, na daftari za kuandikia michezo, rundo zima chini ya kitanda. Kila mpira uliorushwa aliutilia alama. Mama yake alikuwa mmoja wa watu waliohamishwa Chavez Ravine miaka ya 1950, bonde ambalo juu yake ulijengwa uwanja wa Dodgers uliofunguliwa 1962, na hakuwahi kukanyaga pale mpaka anaingia kaburini. Babu naye hakwenda. Alisikiliza. Niliwahi kumuuliza inakuwaje uipende timu iliyokalia kiwanja cha mama yako, akanijibu nimletee chai.

Wiki ya kwanza ya kazi ndiyo wiki mkataba wa Kershaw ulipotangazwa. Dola milioni 215 kwa miaka 7. Hadi wakati ule hakuna mrushaji aliyekuwa amepewa fedha hizo, na ndiye mchezaji wa kwanza wa besiboli kuvuka wastani wa milioni 30 kwa mwaka. Mimi nilikuwa nahesabu senti za nauli. Nikasema kwa sauti, huyu si anaiba? Babu akachukua penseli. Michezo 30 kwa mwaka, mipira 100 kila mchezo. Kila mpira unaotoka mkononi ni kama dola 10,000. Akazungushia duara. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: mshahara huo wote unalipwa kwa msimu wa kawaida. Oktoba haimo. Fedha ya wachezaji kwenye mtoano inatoka kwenye fungu la viingilio vya mlangoni, na wanagawana wenyewe. Yaani mkataba mzima ule unanunua Aprili hadi Septemba, na huo mwezi mmoja ambao utamhukumu maisha yake yote hauko kwenye karatasi.

Nilidhani ni mzaha wa mzee. Ikafika Oktoba.

Mchezo wa kwanza dhidi ya Cardinals wa St. Louis, Dodgers wanaongoza 6–2. Kershaw amewaondoa wapigaji 16 mfululizo. Kumi na sita! Kwenye daftari la Babu ukurasa ule ulikuwa msafi kama shuka lililotoka kupigwa pasi. Awamu ya saba kati ya tisa ikaingia, na mipira ikaanza kurudi. Kipigo kimoja, cha pili, cha tatu. Babu alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa, hasemi. Matt Carpenter akapiga ule uliowaingiza wenzake wote waliokuwa vituoni, na hadi awamu ile inaisha Cardinals walikuwa wameingiza alama 8. Ikaisha 10–9. Siku nne baadaye wakamrudisha tena, amepumzika siku tatu tu. Anaongoza 2–0, awamu ya saba ileile, akarusha ule mpira wake wa kudondoka, ambao hutoka kama unakwenda usoni kwa mtu kisha unaanguka kama embe, na Matt Adams akautandika hadi nje ya uzio, akaingia yeye na wenzake wawili waliokuwa vituoni. 3–2, msimu kwisha. Adams akawa anarukaruka kuelekea kituo cha kwanza kama mtoto aliyepewa ruhusa ya kwenda kuogelea. Kershaw ameinama, mikono magotini.

Huo ndio mwaka aliokuwa mchezaji bora wa ligi nzima, si mrushaji bora tu.

Sitawachosha na zote. 2017 fainali Houston, anaongoza 4–0, mchezo ukaishia 13–12 kwa wenyeji. Miaka miwili baadaye ikaja kujulikana kwamba Astros, hao wenyeji wa Houston, msimu ule walikuwa wanaiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji wake, na kupiga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Babu aliposikia alifungua daftari la mwaka ule akaandika pembeni kwa Kihispania neno ambalo sitalitafsiri hapa. 2018 fainali tena, akapoteza mchezo wa kwanza na wa tano kwa Boston, na siku 5 tu baada ya huo wa mwisho akasaini nyongeza: milioni 93 kwa miaka 3. Mkataba wa zamani ulikuwa umebakiza miaka 2 na milioni 65, kwa hiyo aliongezewa mwaka mmoja na milioni 28. Mgongo umeanza kumsumbua, mpira umepungua kasi, Oktoba imemtoa machozi, na bado wanamwongezea. Watu kazini walicheka sana. Babu hakucheka. Alisema tu, "Wataendelea kumwita."

Hapa sasa ndipo ninapofika kwenye langu.

Mwaka 2019 asubuhi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, jioni kwa Babu. Miaka mitano asubuhi sijachelewa hata siku moja. Septemba wakaniita ofisini, wakanirefushia mkataba na kuniongeza dola moja na senti 25 kwa saa, wakasema wewe ndiye nguzo yetu. Nilituma ujumbe nyumbani kabla sijatoka mlangoni. Kuanzia hapo simu haikukatika. Mtu akiumwa, naitwa. Gari la mtu likiharibika, naitwa. Na mimi sisemi hapana, maana nguzo haisemi hapana. Ilikuwa zamu ya pili ya kuunganisha ndani ya wiki ile, au ya tatu, sijui tena, asubuhi nagawa dawa. Vikombe vidogo vya karatasi vimeandikwa namba za vyumba. Kikombe cha 16 nikakiweka kwenye meza ya 14.

Muuguzi alikiona kabla bibi hajanyoosha mkono. Hakuna aliyedhurika. Lakini mpaka leo nakumbuka kile kikombe, vidonge viwili vyeupe na kimoja cha rangi ya waridi, na namba 16 kwa wino wa bluu mwandiko wangu mwenyewe. Barua ya onyo ilikuwa na neno uzembe mara mbili. Miaka mitano haikutajwa popote. Kwa nini itajwe? Barua iliandikwa kwa ajili ya asubuhi ile.

Jioni ya siku hiyohiyo, Oktoba 9, Dodgers walikuwa na mchezo wa tano, wa kufa au kupona, dhidi ya Nationals wa Washington. Msimu ule walikuwa wameshinda mechi 106. Sikumwambia Babu kilichonipata. Nilikaa tu kwenye kiti nikakunja nguo. Awamu ya saba, wanaongoza 3–1, mlango ukafunguliwa akatoka Kershaw, si siku yake ya kuanza, ameitwa kuokoa. Akamwondoa Adam Eaton kwa mipira mitatu. Uwanja ukalipuka, Babu akapiga goti. Ilitosha. Lakini wakamrudisha awamu ya nane. Anthony Rendon, nje ya uzio. Mpira uliofuata, uliofuata uleule, Juan Soto, nje ya uzio. Tatu kwa tatu. Kamera ikampata amekaa peke yake kwenye benchi, kichwa chini, wenzake wamempisha kama watu wanavyompisha mfiwa. Timu ikafungwa 7–3 katika awamu ya kumi. Baadaye alikiri mwenyewe kwa waandishi kwamba yanayosemwa juu yake na Oktoba, kwa saa ile, ni ya kweli.

Nikaanza kulia juu ya zile nguo. Babu akadhani nalilia Dodgers, akafurahi kidogo nadhani, ndipo nikamweleza. Hakunibembeleza. Alinituma nitoe daftari la 2014 chini ya kitanda, akafungua ule ukurasa wa wapigaji 16.

"Soma huu kwanza," akasema. "Halafu niambie, awamu ya saba nani alimwacha pale?"

Nilielewa alichotaka nielewe. Aliyebora ndiye anayeachwa juu ya kichuguu hadi mkono unakufa, kwa sababu nyuma yake kocha hamwamini mwingine. Mtu wa kawaida angetolewa mapema, na hakuna ambaye angekumbuka jina lake. Kershaw ana kushindwa kwingi Oktoba kwa sababu pia ana Oktoba nyingi, na ndani ya hizo alirushwa uwanjani akiwa amechoka, amepumzika nusu, au ameitwa kufanya kazi isiyo yake.

Ni kweli. Lakini nilimbishia usiku ule na ningembishia leo. Mpira ule kwa Soto aliurusha yeye. Kikombe nilikiweka mimi. Kocha anaweza kuwa na makosa yake na msimamizi wa zamu ya kwake, na bado mkono ni wangu. Nadhani hilo ndilo lililonifanya nimpende Kershaw kuliko zile tuzo: ule mzigo aliubeba mwenyewe mbele ya maikrofoni, na Februari akarudi mazoezini. (Na sikufichi, nilishampenda kidogo niliposoma kwamba yeye na mkewe walijenga nyumba ya kulea yatima Lusaka, hapo kwa jirani zetu.) Mimi sikubeba vizuri hivyo. Nilikaa miezi miwili nasoma kila kikombe mara nne, kisha nikaacha kazi ile.

2020 alipata kombe lake, akashinda michezo miwili ya fainali katika uwanja wa Texas ulio jirani na alikozaliwa, Dallas. Babu alishangilia hadi nikapima presha. Ungedhani hadithi imeishia pazuri. 2023 dhidi ya Arizona alimwondoa mtu mmoja tu na kuruhusu alama 6, wakamtoa kabla hata watu hawajapata viti. Mwaka huu, baada ya kufikisha wapigaji 3,000 aliowaondoa kwa kuwanyima mpira, Phillies wa Philadelphia walimtandika tena. Wastani wake wa alama alizoruhusu kwa kila awamu tisa, msimu wa kawaida ni 2.53, wa Oktoba umevuka 4. Hizo namba zimeshafungwa, hazitabadilika.

Sasa Babu ana miaka 91, amehamia kwa binti yake Fresno. Masikio yamepungua. Jumatatu iliyopita nilikuwa zamuni kwa mgonjwa mwingine, amelala, televisheni nimezima sauti. Mchezo wa tatu wa fainali dhidi ya Toronto, 5–5, awamu ya kumi na mbili, vituo vyote vimejaa, wameondolewa wawili. Akatoka Kershaw. Nilisema "hapana" kwa sauti, Mungu anisamehe. Amekaa wiki kadhaa hajarusha, wamemwita kwa mtu mmoja tu. Nathan Lukes. Nikachukua kalamu na boksi la glavu nikaanza kuchora vijiti kama alivyonifundisha mzee. Ikafika mitatu mibovu kwa miwili mizuri, mmoja tu unaamua. Lukes akaupiga nje ya mstari, hauhesabiki. Akarusha tena, mpira ukaviringika chini, Tommy Edman akauzoa na kuusukuma kwa glavu hadi kituo cha kwanza. Ameondoka. Mchezo uliendelea hadi awamu ya 18 karibu na saa sita usiku, lakini mimi nilishamaliza.

Simu ikatikisika mfukoni. Nikatoka koridoni.

"Mija, ngapi?" Hakusalimia. "Betri ya redio ilikatika katikati. Alirusha ngapi?"

Nikahesabu vijiti kwenye boksi chini ya taa. "Minane, Babu."

"Wa nane ulikuwa wa chini?"

"Wa chini. Kituo cha pili kwenda cha kwanza."

Nikamsikia anamwambia binti yake kwa Kihispania amletee penseli.