Alama za ruba

"Mama, nani alimng'ata mjomba?"

Binti yangu alikuwa ameushika mkono wa mdogo wangu, anahesabu alama kwenye kidole gumba: vidoa vyeupe, kila kimoja kina pembe tatu. Mdogo wangu aliniachia nijibu. Nikasema ni wadudu, nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Msumeno wa karakana ulikuwa umekikata kidole chote. Waliomleta hospitali walijua la kufanya: walikifunga kwa kitambaa safi chenye unyevu, wakakitia kwenye mfuko wa plastiki, ndipo mfuko ukawekwa juu ya barafu. Madaktari walikesha wakikiunga.

Siku ya pili kikavimba, kikawa cha zambarau, kikaelekea weusi. Daktari alitueleza taratibu: mishipa inayoleta damu imeshika, ila vena, zile za kuirudisha, zimeshindwa. Damu inaingia, haina pa kutokea. "Tukiacha hivi, kidole kitakufa. Tunataka kutumia ruba." Akasema mwaka 1985 huko Boston sikio la mtoto liliokolewa kwa njia hiyohiyo.

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, unasemaje?"

Sikuweza kujibu. Kwangu ruba alikuwa mdudu wa bwawani, wa kubanduliwa mguuni kwa mayowe. Niliomba nipewe muda, nikaenda kukaa kwenye korido. Sijui nilikaa kiasi gani. Niliporudi nikasema sawa.

Mikono ya yule muuguzi naiona hadi leo. Alikizungushia kidole shashi, akaacha tundu dogo ili ruba asitangetange. Akamtoa kwenye chupa ya maji kwa koleo, akamsogeza. Ruba akakataa. Aliinua kichwa, akapapasa hewa, akajikunja. Muuguzi hakumlazimisha. Alichoma ngozi kidogo kwa sindano, likatoka tone zito, jeusi, akangoja. Hapo akashika. Tukamtazama akinenepa, mawimbi madogo yakipita mwilini mwake, na mimi niliyeogopa kutapika nikajikuta nimeinama karibu kabisa, namhimiza kimoyomoyo: kunywa, baba, kunywa. Zambarau ikafifia. Ukaja wekundu, kisha rangi ya kidole cha mtu aliye hai.

Aliposhiba alidondoka mwenyewe. Damu iliendelea kuvuja kwa saa nyingi, maana mate ya ruba yana hirudini, inayozuia damu isigande, na kule kuvuja ni sehemu ya tiba. Muuguzi akamtumbukiza kwenye spiriti. Ruba hatumiwi kwa mgonjwa mwingine, anaweza kubeba maradhi. Mdogo wangu aligeuza uso ukutani.

Wakaja wengine, siku baada ya siku, pamoja na antibiotiki kwa ajili ya bakteria wa tumboni mwa ruba, na damu ya kuongezewa, mpaka vena mpya zikaota.

Kidole kipo, na msumeno kinashika. Ncha yake tu ndiyo haihisi kitu. Daktari aliniambia ni neva zilizokatika, si ule muda nilioomba. Aliniambia mara mbili, kwa sababu nilimuuliza mara mbili.

Jana usiku tulimsimulia binti yangu yote, mimi na mjomba wake. Alisikiliza kimya, akakigusa tena kile kidole.

"Na hao ruba wako wapi sasa?"

Tukatazamana.