Isale kwenye bahasha

Huu ni mwaka wa pili najitolea kwenye shirika moja la kimataifa la watoto hapa Moshi na kazi yangu ni barua. Kila Jumamosi asubuhi nakaa na barua za watoto naziweka kwenye Kiingereza, za wafadhili naziweka kwenye Kiswahili, alafu naangalia kama mtoto hajaandika jina la kijiji au namba ya simu ya mzazi, maana hizo haziruhusiwi kutoka, ni kwa usalama wake.

Watu wananiambia barua za nini, si watume tu hela ada ilipwe. Mi nakataa kabisa. Haya mambo ya mfadhili mmoja mtoto mmoja, kwa shirika ambalo leo linaitwa Plan International (mi niko kwingine), yalianza na kikaratasi. Mwaka 1937 Hispania wanapigana wenyewe kwa wenyewe, mwandishi wa habari wa Uingereza, John Langdon-Davies, akakutana na mtoto anaitwa José ana ujumbe wa baba yake, kwamba yeye anajua atauawa, atakayemkuta mwanae amtunze. Yule baba hakuwa na kingine cha kumwachia mtoto zaidi ya maandishi.

Sasa kuna binti wa darasa la tano, kwao ni juu huko Kibosho. Mfadhili wake ni bibi wa Uingereza, alimtumia picha ya bustani imejaa theluji akamuuliza umeshawahi kuiona? Mtoto akajibu, "Naiona asubuhi nikifagia uwanja kama Kibo haina mawingu, ila sijawahi kuishika. Wewe umeishika, ikoje?" Nilivyoisoma nikatoka nje kuutazama mlima Kilimanjaro, hiyo Kibo ndo kilele chake, yaani miaka yote hii niko Moshi sijawahi kujiuliza hilo swali.

Bibi akajibu, akaandika tena na ya pili. Zote mbili zikakaa kwenye kabati letu toka Januari mpaka Mei, mara hakuna wa kuzipeleka, mara masika barabara haipandiki, na mimi mwenyewe nilikuwa napita pale kila wiki sikufungua. Inaniuma mpaka leo.

Mtoto alivyozipata akaangalia tarehe, akajua amechelewa kujibu, akaandika ukurasa mzima wa kuomba msamaha. Ndani ya bahasha akaweka jani la isale amelifunga fundo. Kama we sio wa huku, isale ndo ule mmea tunapanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mtu aliyekukosea akija ameishika huwezi kumkatalia, hata kama ni ugomvi wa miaka.

Nilishika lile jani nikashindwa kuendelea na kazi. Mtoto wa darasa la tano anabeba kosa la watu wazima.

Jumamosi iliyofuata alikuja, nikamwita pembeni.
"Shikamoo dada."
"Marahaba mwanangu. Hujakosea kitu, barua tulichelewesha sisi."
Akaniangalia. "Kwa hiyo bibi hajakasirika?"
"Hajakasirika."
"Ila isale utampelekea?"

Barua zetu zinaenda kwa kuskaniwa, jani halisafiri. Nikaliweka kwenye kioo cha skana hivohivo na fundo lake, likatoka na mishipa yake yote inaonekana, alafu chini nikamwandikia bibi isale ni kitu gani na ni nani hasa alitakiwa kuileta.