Jina lililopita ukutani

Juzi umeme ulikatika baada ya magharibi. Jirani wa chini hakungoja hata dakika tano, akawasha jenereta lake bovu. Moshi ukapanda ngazi, ukaingia jikoni kwangu, ukatulia kama mgeni aliyezoea. Nilikuwa nakuna nazi. Mkono ukasimama wenyewe.

"Mama," akaita binti yangu kutoka sebuleni, tochi ya simu kaibana kwa kidevu, fomu ya skuli mkononi. "Hapa niandike nani?"

Swali hilo si geni kwetu. Nyumbani na mtaani yeye ni Busara. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Bushra. Nitafika huko.

Kwanza moshi. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mji mzima hapa Unguja mwanzoni mwa 2010. Waya unaotuletea umeme kutoka Bara, ule unaopita chini ya bahari, uliharibika Fumba Desemba 2009. Tukaambiwa tuvute subira, tukaivuta miezi mitatu. Maji hayapandi kwa kuwa pampu zimelala, madumu yamepangwa visimani tangu alfajiri, simu zinapelekwa dukani kuchajiwa kwa malipo. Na mimi mimba imeingia mwezi wa tisa, miguu imevimba, kaskazi imeleta joto lake, feni iko pale juu inanitazama tu.

Ikaingia Februari, na tamasha la muziki la Sauti za Busara likafanyika vilevile, Ngome Kongwe. Nusu ya mji ikasema ni aibu, watu wako gizani nyinyi mnapiga ngoma. Nusu hiyohiyo ukikutana nayo jioni Forodhani, bustanini nje ya Ngome, inapunga upepo na kusikiliza bure. Sisi tulikuwa humo. Baba watoto alisema tiketi tutakata mwakani. Huu mwaka wa 16 tunakata mwakani.

Tulishuka kutoka Kikwajuni kwa miguu, yeye mbele na tochi, mimi nyuma naitwa kila penye shimo. Kiza kitupu, na kila duka lenye uwezo linanguruma. Kufika Forodhani, Ngome inawaka. Mwanga wa jukwaani unapanda juu ya kuta, mara buluu, mara mwekundu, na popo wanapita humo wakibadilika rangi. Nje wauza mishikaki wamewasha kandili zao, na mashine za miwa, zile za kuzungusha kwa mkono, zinakamua kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kusimama sikuweza. Nikauendea ukuta wa Ngome, upande unaotazama bustani, nikatandika kanga, nikaegemeza mgongo. Yale mawe yalikuwa bado na jua la mchana kutwa ndani yake. Na yalikuwa yanatetemeka. Si sana, kama paka anapokoroma mapajani. Ngoma kubwa ikipigwa ndani, ilinipita mgongoni kwanza, ndipo nikaisikia. Vingine vyote vililiwa na jenereta lililokuwa huku nje karibu yangu: fidla, uimbaji, makofi. Nilikuwa nasikiliza muziki kwa uti wa mgongo.

Kisha ngoma ikanyamaza, akaingia mtangazaji. Alisema mengi. Kilichonifikia ni kimoja tu, cha mwisho, kwa kuwa alikivuta:

"…Busaraaaa!"

Vigelegele. Na mtoto akapiga teke.

Wanawake wenzangu wataelewa. Lipo teke la kujinyoosha, lipo la kutafuta nafasi. Hili lilikuwa la mtu aliyeitwa. Nikauchukua mkono wa baba watoto, nikauweka pale pale. Akasema hiyo njaa. Nikamwambia nyamaza, ngoja. Tukangoja kikundi kizima kimalize, mkono wake umelowa jasho juu ya dera langu, mkono mwingine umeshika mshikaki.

"…Busaraaaa!"

Teke. Akashtuka hata mshikaki ukamwanguka. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Akauokota, akaupuliza, akautia kinywani, akatafuna mpaka akameza, ndipo akasema, "Basi, kashaitika."

Alizaliwa siku 13 baadaye, mkunga akimulikiwa kwa kandili na simu ya mama mkwe. Siku ya saba tukakaa kitako juu ya jina. Mama mkwe alikuja na lake tayari: Nuru. Mtoto kazaliwa kizani, hilo jina limekuja lenyewe, mnatafuta nini? Nakiri ni jina zuri. Ila nilikuwa na hakika msimu ule kila mlango unapata Nuru wake.

Nikamwambia Busara. Akaniangalia kitambo.

"Jina la ngoma?"

Nikamkumbusha kwamba shangazi yangu anaitwa Masika kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, na hakuna anayemuuliza maana.

"Mvua inanyesha yenyewe, mwanangu. Busara si jina la mtu, ni kitu ambacho mtu anakitafuta. Akikikosa je? Watamcheka mara mbili."

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni wifi yangu, aliyekaa pale mlangoni anamenya vitunguu, ambaye jina lake ni Safaa. Na mama mkwe ujana wake hakukosa tarabu ya kile kikundi cha Ikhwan Safaa hata sikukuu moja. Nikamtazama wifi, nikamtazama mama mkwe. Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe akaomba maji ya kunywa, na mambo yakaisha. Wiki ya pili haijatimia umeme ukarudi, mtaa mzima ukapiga kelele kwa mpigo mmoja, Busara akaamka analia.

Cheti ni kisa kifupi. Karani alisikia Busara, akaandika Bushra. Nafikiri alijiona anatusaidia. Baba watoto alikuja kukisoma nyumbani. Tulirudi mara nne kukirekebisha, mara ya tano mvua ikanyesha.

Na mama mkwe, Mungu amrehemu, hakukosea sana. Chai ikimwagika, "Busara, busara iko wapi?" Kila mwalimu mpya anadhani yeye ndiye wa kwanza kuugundua mzaha huo. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika, fedha zilikosekana, na baba yake akaingia nyumbani akasema, "Mwaka huu hakuna Busara." Mtoto alikuwa anakaribia miaka 6. Tulimkuta nyuma ya mlango, kajifunika buibui langu, analia bila sauti. Siku ile nililitamani Nuru.

Basi juzi, kwa kuwa moshi ulikuwa umeshanilegeza, nikamhadithia yote upya, ukuta, teke, mshikaki. Alisikiliza na tochi yake kidevuni. Nilidhani ameguswa.

"Kwa hiyo jenereta ndilo lililokufanya usikie neno moja?"

"Eee."

"Na lau lingezimika, ukasikia sentensi nzima, ningeitwa nani?"

Fomu ilikuwa bado mapajani kwake, mstari wa kwanza mtupu. Nikamwambia aende akatazame wali, unaungua.